UZI: Kodi ya jengo kwenye LUKU, katiba ya kina mama wa dagaa, na haya majimbo mnayoyadai

mchapaji_kgm (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za jioni. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu salama.

Juzi hapa Mwanga, kijiwe cha kahawa jirani na steshenari yangu, jamaa kanunua umeme wa LUKU wa buku tano, kuangalia yuniti ziko kiduchu, kumbe wamemkata kodi ya jengo. Na nyumba yenyewe kapanga! Akalipuka pale pale: "ndo maana tunataka majimbo, hii hela ingebaki Kigoma". Basi kijiwe kikageuka bunge. Mmoja anataka serikali tatu (ya Tanganyika, ya Zanzibar na ya Muungano), mwingine anataka kaunti kama Kenya, dogo mmoja wa bodaboda anataka shirikisho kama Marekani, na kuna mzee anapenda kugonga bakora chini akiongea, yeye anasema zote hizo ni njia ya kuvunja nchi. Nikawasikiliza robo saa nzima nikagundua wanabishana vitu vinne tofauti, na kila mtu anadhani mwenzake anaongelea kile chake.

Mi sio mwanasheria. Nachapa. Nachapa hati za viapo, barua za kuomba kazi, na sana sana katiba za vikundi, maana ukitaka ule mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri (wanawake, vijana, wenye ulemavu) lazima kikundi kisajiliwe na kiwe na katiba. Nimechapa nyingi mpaka naziota. Na kwenye droo nina Katiba ya nchi ya 1977, kurasa za Nyongeza zimeshikana kwa chai, kwahiyo nikinukuu vibaya lawama ziende kwa chai.

Sasa nataka niwape kisa cha katiba moja niliyochapa, afu tutarudi kwenye LUKU.

Kina mama wa dagaa Kibirizi, vikundi viwili. Kimoja wako 41, kingine wako 9. Wale 41 wana akaunti benki na wana sauti, wale tisa ni wachache ila vichanja vyao vya kuanikia ni vizuri na hawana deni hata la mia. Wakataka waungane ili waombe mkopo mkubwa. Wakaja viongozi sita kwenye kibanda changu, wengine wamesimama nje juani, nikawafungulia lile faili ninalotumiaga kwa wote, lina ibara ya mwisho inasema "katiba hii itabadilishwa kwa theluthi mbili ya wanachama wote". Mwenyekiti wa wale tisa, mama mfupi hivi, anaongea taratibu kama anahesabu chenji, akaniuliza: mwanangu, theluthi mbili ya hamsini ni ngapi? Nikamwambia 34. Akasema, hawa peke yao wako 41. Sasa sisi hapa tunasaini nini?

Aisee nilikaa kimya. Huyo mama darasa la saba hakumaliza, ila swali lake ndo lile lile walilokomaa nalo wajumbe wa New Jersey na Delaware kule Philadelphia mwaka 1787 wakati wa kuandika katiba ya Marekani. Wadogo waliona wakihesabiwa vichwa tu watamezwa. Mwishowe wakagawana: baraza moja la Kongresi viti vinafuata idadi ya watu, lile lingine, Seneti, kila jimbo sawa, wawili wawili. Ndo mpaka leo Wyoming ina watu hawafiki laki sita na ina maseneta wawili, California ina watu kama milioni 39 na ina maseneta wawili pia.

Kwa kina mama tulifanya hivi: kubadilisha katiba lazima ipatikane theluthi mbili ya wale 41 NA theluthi mbili ya wale tisa, yaani 28 upande huu na 6 upande ule, ukikosa pande moja hakuna kitu. Halafu tukaandika mambo ya pamoja ni matatu tu, akaunti, mkopo, na bei ya kuuzia dagaa. Mchezo wa kupeana hela, misiba na vichanja kila kikundi kibaki na vyake.

Wakuu, shirikisho ndo hilo. Limekaa kwenye ibara ya kubadilisha. Bendera, wimbo, magavana wenye ving'ora, hayo ni mapambo. Nchi inaweza kuwa na mikoa mia na bado isiwe shirikisho hata kidogo. Swali ni moja: huyu wa ngazi ya chini madaraka yake kapewa na nani, na nani anaweza kumpokonya bila yeye mwenyewe kukubali?

Rudi kwenye LUKU sasa. Kodi ya majengo ilikuwa chanzo cha halmashauri. Mwaka 2016 ukusanyaji ukahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya serikali kuu, mwaka 2021 ukaingizwa kwenye LUKU. Ilihitajika ridhaa ya Manispaa ya Kigoma Ujiji? Hapana. Sheria ilipita Dodoma basi. Katiba yetu ibara ya 145 na 146 inasema serikali za mitaa zitakuwepo na inasema kusudi lake, ila nini kiwe chao, shilingi ngapi, chanzo kipi, hayo yote ni ya sheria za Bunge. Aliyekupa kwa sheria anachukua kwa sheria. Wazee mnakumbuka 1972, halmashauri zilianza kufutwa, madaraka yakapelekwa mikoani chini ya serikali kuu, za mijini zikarudishwa 1978 na za wilaya zikaanza tena 1984 kwa sheria za 1982. Wilayani miaka 12 hakuna diwani na hakuna mahakama iliyoulizwa.

Na sio sisi tu. Uingereza mwaka 1986 bunge lao lilifuta serikali ya jiji la London lote, ile Greater London Council, kwa sheria ya kawaida. Scotland wana bunge lao tangu 1999 na lina nguvu kweli, ila limezaliwa na sheria ya bunge la London ya mwaka 1998. Kwahiyo Uingereza pamoja na kuwa na timu nne za mpira sio shirikisho.

Naweka kituo hapa, mteja kaja kupiga fotokopi.


asali_mbichi

Mkuu umeanza vizuri sana, salamu kutoka Tabora. Ila umekwepa swali lenyewe. Tanzania ni shirikisho ama sio? Maana ibara ya kwanza inasema "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano". Nchi moja. Tuseme basi yameisha?


dogo_kaliua

Nimesoma nusu nimeshukia Kaliua, ntaendelea kesho na ya Mpanda 😂


mchapaji_kgm

@asali_mbichi hujaisha mkuu. Fungua ibara ya 98. Mambo mengi ya katiba yanabadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Ila kuna orodha kwenye Nyongeza ya Pili, orodha ya pili, ina mambo nane hivi: kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano, idadi ya wabunge kutoka Zanzibar na mengineyo. Hayo yanataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, wanahesabiwa mbali mbali. Yaani 28 na 6! Nilivyoiona ile siku nilicheka peke yangu dukani.

Na kuna ibara ya 126, Mahakama Maalum ya Katiba, ya kusuluhisha Serikali ya Muungano na ya Zanzibar zikibishana. Nusu ya wajumbe wanatoka huku na nusu kule, na uamuzi unataka theluthi mbili ya kila upande. Hicho ni kitu cha shirikisho kabisa.

Kwahiyo kati ya Bara na Zanzibar tuna tabia za shirikisho. Kati ya Dodoma na Kigoma, sifuri. Nusu mkate.

Sasa utamu uko hapa. Wale kina mama 41 walipoungana walisema wao hawana haja ya kuwa na mwenyekiti wao tena na kamati yao tena, gharama na vikao kila siku, kwahiyo kamati ya muungano ndo hiyo hiyo itasimamia na mambo ya wale 41. Wale tisa wakabaki na kamati yao. Si ndo serikali mbili hizo? Waziri anayesimamia tumbaku ya Urambo yuko kwenye Serikali ya Muungano wakati kilimo sio jambo la Muungano. Tanganyika ilivaa koti la Muungano tarehe 26 Aprili 1964 haijalivua.


asali_mbichi

Ehee hapo kwenye koti ndo penyewe. Tume ya Jaji Nyalali mwaka 1991/92 ilishauri tutengeneze shirikisho, ikaishia kabatini. 1993 wakaja wale wabunge 55 wanataka Serikali ya Tanganyika, nayo ikazimwa. Tume ya Jaji Warioba 2013 ikaleta rasimu ya serikali tatu, mambo ya Muungano yakapunguzwa yakabaki saba. Alafu Bunge Maalum la Katiba 2014 chini ya mzee wetu Samuel Sitta, mtu wa Urambo huyo, UKAWA, ule umoja wa wapinzani, wakatoka nje mwezi wa nne, waliobaki wakarudisha serikali mbili, Katiba Inayopendekezwa ikakabidhiwa Oktoba 2014, kura ya maoni ikapangwa Aprili 2015 ikaahirishwa na mpaka leo nasubiri foleni.

Mi kwangu kosa la rasimu ya Warioba lilikuwa moja, na nilikuwa nawaambia watu hapa Tabora wakanuna. Ile serikali ya tatu, ya Muungano, ilikuwa imebakiziwa vyanzo kiduchu, ushuru wa bidhaa na mapato yasiyo ya kodi. Serikali ina jeshi lakini mfuko uko kwa wengine. Mwanajeshi anakula nini ikitokea pande mbili zimenuna?


mchapaji_kgm

Mkuu umegusa kitu. Marekani wenyewe walipitia hapo hapo. Kabla ya ile katiba ya 1787 walikuwa na mkataba wao wa kwanza ulioanza 1781, serikali ya pamoja haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, ilikuwa inaandikia majimbo barua za kuomba michango kama kamati ya harusi, majimbo mengine yanatoa mengine yanakausha. Wanajeshi waliopigana na Mwingereza wakakaa bila malipo. Ndo kilichowarudisha mezani. Ila upande wa pili nao uone, waliotetea rasimu walisema ushuru wa bidhaa sio hela ndogo. Ni mjadala halali, bahati mbaya haukufika kwa wananchi.

Na kuna jambo lingine watu hawalisemi, mashirikisho ya watu wawili ni magumu sana. Mkiwa 50 au 26, leo unashindwa na hawa kesho unashinda na wale, ugomvi unazunguka. Mkiwa wawili kila ugomvi ni mimi na wewe. Chekoslovakia waligawana mwisho wa 1992, Serbia na Montenegro 2006, Pakistani ya Magharibi na ya Mashariki ikaishia kwenye vita na kuzaliwa Bangladesh 1971. Sisi tuko wawili na mmoja ni mkubwa mara thelathini na kitu kwa idadi ya watu, na tumefikisha miaka zaidi ya 60. Mnaweza kusema ni muujiza au mnaweza kusema ni nguvu, mi sisemi.


mpemba_wa_tabora

Asalaam aleikum. Mimi Mpemba, nauza vitambaa hapa Tabora mwaka wa kumi na nne huu, nimeoa hapa hapa. Naomba niseme kwa upole. Mambo ya Muungano yalianza 11 sasa yapo 22 katika orodha. Hiyo theluthi mbili mbili haikuzuia kuongezeka. Kwa nini? Kwa sababu wabunge wa pande zote mbili wengi wao ni wa chama kimoja, wakishakubaliana chamani hiyo hesabu ya pande mbili inabaki ya karatasi. Muandike hilo pia.

Na 2010 Katiba yetu ya Zanzibar ya 1984 ikarekebishwa ikasema Zanzibar ni nchi. Sawa. Machi 2017 CAF, wale wa soka Afrika, wakatupa uanachama kamili, tulisherehekea mimi nikagawa kanga za bure kwa wateja wawili. Julai mwaka huo huo wakautengua, wakasema tumepewa kimakosa sisi sio nchi. Kanga sikurudishiwa 😅


mchapaji_kgm

Waaleikum salaam sheikh, pole na kanga. Hoja yako ya chama ni nzito kuliko yote humu ndani. Katiba inaweka kufuli mbili lakini kama funguo zote ziko mfuko mmoja basi ni kufuli moja. Muulize Mkenya wa zamani. Katiba yao ya uhuru 1963 ilikuwa ya majimbo, mikoa ina mabaraza yake na kuna Seneti. Chama cha KADU waliokuwa wanaitetea wakajiunga na chama tawala KANU Novemba 1964, baada ya hapo nani wa kupinga? Majimbo yakafa, 1966 Seneti nayo ikamezwa. Uganda 1962 Buganda walikuwa na federo yao, 1966 Obote akaipindua kwa jeshi, 1967 falme zikafutwa. Kamerun ndo waliua kistaarabu, shirikisho la 1961 wakalizika kwa kura ya maoni Mei 1972, kura ya nchi nzima, wale wachache wanaozungumza Kiingereza wakahesabiwa kwenye kapu moja na wengine wote. Theluthi mbili ya hamsini!


kibirizi_ngambo

Mnahangaika kutafuta Tanganyika wakati ipo, iko hapo ng'ambo naiona jioni jua likizama 😂 Mkoa wa Tanganyika, DRC, makao makuu Kalemie. Ulizaliwa 2015 Katanga ilipogawanywa mara nne, Kongo ikatoka mikoa 11 ikawa 26 na kila mkoa una gavana wake na bunge lake.

Mi napeleka sabuni na vyombo vya plastiki huko, narudi na vitenge. Ngoja niwaambie federo ya watani zetu ilivyo. Bandari moja sitaitaja, mzigo wangu mmoja nilipewa risiti tatu. Wa kwanza anasema yeye ni wa serikali kuu. Wa pili anasema wa mkoa. Wa tatu sijui wa nani ila alikuwa na muhuri mkubwa kuliko wote. Nikauliza mbona hiki na hiki ni kitu kimoja, yule wa mkoa akaniambia kwa Kiswahili kizuri kabisa, "ndugu yangu, Kinshasa haileti kitu, sasa sisi tutakula nini?" Nikalipa. Hivyo majimbo mnayoyadai muyadai mkiwa na chenji.


mchapaji_kgm

@kibirizi_ngambo huyo jamaa wa mkoa kakwambia katiba bila kujua. Katiba ya Kongo ya 2006 ibara ya 175 inasema mikoa ibakishe asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa kwao, wakate hapo hapo kabla haijaenda Kinshasa. Na ibara ya 220 inakataza kabisa marekebisho ya kupunguza madaraka ya mikoa. Kwa maandishi mkoa wa Kongo una ulinzi kuliko Zanzibar. Ila hela inapanda Kinshasa kwanza afu inarudi kidogo, ikichelewa au isirudi. Nao neno shirikisho hawakuliandika, walikumbuka Katanga ilivyojitenga Julai 1960, wakaogopa jina wakaandika vitu vyenyewe.

Kwahiyo naongeza kwenye swali langu la mwanzo: nani anaweza kukupokonya, na nani anashika hela kwanza.

Nigeria majina wanayo yote. Shirikisho, majimbo 36, magavana, mabunge. Ila kila mwezi makamishna wa fedha wa majimbo wanakwenda Abuja kwenye kikao cha kugawana mapato ya taifa, na majimbo mengi mgao huo ukichelewa mishahara inagoma. Katiba yao inasema majimbo yanayotoa mafuta yapate sio chini ya asilimia 13 ya mapato ya rasilimali hiyo juu ya mgao wao, na miaka yote ugomvi ni hiyo 13, watu wa Delta kwenye mafuta wanasema kidogo, wengine wanasema nyingi.


mzee_bakora

Nimeonyeshwa huu uzi na mjukuu. Ndiye mimi wa bakora. Kijana, pale kijiweni hukusema yote haya, ulikuwa unakunywa kahawa tu.

Nauliza. Kigoma wakipewa jimbo watakula nini? Chumvi ya Uvinza, mawese, dagaa, migebuka. Geita wana dhahabu, Mtwara wana gesi, Dar wana bandari. Kila mtu akibaki na chake sisi tutabaki na upepo wa ziwa. Gridi ya taifa imetufikia juzi juzi, tumeishi na majenereta miaka yote, hiyo laini ya umeme kutoka huko juu ilijengwa kwa hela ya nani? Ya watu wa Kigoma? Lami ya kwenda Tabora hela ya nani? Halafu mnasema tujitegemee. Na wingi wa watu sio hoja, maana namsikia yule wa bodaboda anasema sensa ya 2022 Kigoma tuko karibu milioni mbili na nusu na Zanzibar hawafiki milioni mbili, eti na sisi tupewe Rais. Tabora wako zaidi ya milioni tatu, wapewe wafalme wawili?


mchapaji_kgm

Shikamoo mzee. Kijiweni nilikunywa kahawa kwa sababu wewe ulikuwa hujanyamaza.

Kwenye watu uko sahihi kabisa. Kuna nchi zilizoungana na kuna nchi zilizogawana. Uswisi 1848, Marekani 1787, hao walikuja kila mtu na kiti chake wakakaa meza moja. India, Ubelgiji, Ethiopia, hao walikuwa nyumba moja wakapiga kuta ndani. Zanzibar ilikuja na kiti, ilikuwa dola tayari. Kigoma haikuja na kiti, tulikuwa ndani ya Tanganyika. Sio kwamba hatuwezi kupewa, ila itakuwa ni kupigiwa ukuta, na anayepiga ukuta ndo anachagua mlango ukae wapi.

Kwenye hela ndo nabishana kidogo. Mashirikisho mengi hayasemi kila mtu ale chake. Ujerumani majimbo 16, katiba yao inataka tofauti ya uwezo wa kifedha ipunguzwe, maskini wanaongezewa. Kanada wana utaratibu wa kusawazisha tangu 1957. India kila miaka mitano inaundwa Tume ya Fedha kukokotoa nani apate nini. Kenya sio shirikisho, ni ugatuzi, ila katiba yao ya 2010 ibara ya 203 inasema kaunti 47 zipate sio chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa. Hiyo ni haki imeandikwa, gavana wa Turkana haendi kuomba kama fadhila. Na 2020 Seneti yao ilikwama miezi kwenye fomula tu, wengine wanataka hela ifuate vichwa, wenye ardhi kubwa na watu wachache wanasema hapana, wamekaa wamekataa mpaka mwezi wa tisa ndo wakapatana. Watu wakaona ni aibu, mi naona ndo kazi yenyewe ya Seneti ile. Hapa kwetu fomula ya mgao uliwahi kuona diwani wa Kigoma anaibishia Dodoma na ikasimama?

Lami na umeme ni kweli mzee, ila tumesubiri miaka mingapi? Na tukisubiri tulikuwa na haki gani ya kudai kwa jaji?


mzee_bakora

Marahaba. Miaka ya kusubiri najua mimi. Nimekuelewa nusu. Nusu nyingine njoo kesho ununue wewe kahawa.


manyovu_mpakani

Mimi naongeza tu. Hapa kwetu Buhigwe jirani ni Burundi, wao hawakugawana ardhi wamegawana viti. Mkataba wa Arusha Agosti 2000, Mwalimu alianza kuwasuluhisha akafariki akamalizia Mandela. Katiba ya 2005 ikaweka Wahutu asilimia 60 Watutsi 40 serikalini na bunge la chini, Seneti nusu kwa nusu, jeshi nalo kabila moja lisizidi nusu. Kwa sababu wanakaa mlima mmoja wote, ungechora mpaka wa jimbo wapi? Shirikisho linataka watu waliokaa kwa mafungu.


asali_mbichi

Safi sana @manyovu_mpakani. Na waliochora kwa kabila waone Ethiopia, katiba ya 1995 ibara ya 39 imewapa mataifa yake haki mpaka ya kujitenga. Hivi sisi katiba yetu ina mlango wa kutokea?


mchapaji_kgm

Haina. Na nyingi hazina. Marekani katiba yao haikusema kitu, wakapigana vita, baada ya vita Mahakama Kuu yao ikasema 1869 kwenye kesi ya Texas kwamba jimbo haliwezi kujiondoa peke yake. Ethiopia wameandika na haijawazuia kupigana.

Nimeuliza hivyo mwenyewe wiki hii kwa sababu yule mama wa wale tisa karudi. Alikuja Alhamisi saa nne asubuhi, kakunja ile katiba kwenye mfuko wa rambo pamoja na sampuli ya dagaa. Anasema mambo ya pamoja yalikuwa matatu sasa ni sita. Kwanza misiba iliingizwa kwa sababu kulikuwa na msiba mkubwa na wote walilia pamoja, nani angekataa. Halafu sare. Halafu mwezi uliopita kamati ikasema vichanja navyo viandikwe mali ya wote ili benki ivione. Nikamuuliza, mama, si mlipiga kura pande mbili? Akasema tulipiga, na mimi nilinyoosha mkono mara zote tatu. Nikamuuliza kwa nini. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mtoto, akasema, mkopo ulikuwa unatoka kesho yake.

Anataka ibara ya kuondoka. Tukakaa nayo saa nzima. Tukaandika mwanachama-kikundi anaweza kutoka kwa theluthi mbili ya watu wake, akitoa taarifa miezi sita, akilipa sehemu yake ya deni kwanza, na akiondoka na vichanja alivyokuja navyo. Hapo kwenye vichanja tulibishana, maana viwili kati ya hivyo vimekarabatiwa kwa mbao za mkopo wa wote. Akasema andika "alivyokuja navyo", mbao watang'oa wenyewe.

Kurasa mbili, buku, dagaa akaniachia. Sasa ili ipite inataka 28 upande wa pili. Kikao ni Jumapili baada ya mnada, rasimu iko kwenye flashi yangu, nikipata majibu ntarudi hapa hapa.